Kumfuga mnyama asiyelalamika

Aksolotli, mnyama mdogo wa majini, hana kope. Hulala macho wazi, hula macho wazi, na akiugua atakukodolea macho yaleyale, mdomo ukiwa katika lile tabasamu ambalo kwa kweli ni umbo la taya tu. Habweki, halii, hakwaruzi mlango. Nimekua na mbwa na paka nyumbani, na kila mmoja alikuwa na njia yake ya kunijulisha kwamba bakuli li tupu au tumbo linamsumbua. Hawa wawili nilio nao sasa hawana njia yoyote. Ndiyo maana karibu kila nilichojifunza tangu waingie nyumbani ni kuwasoma: matamvua, mkia, kinyesi, na kuliko vyote, maji wanamokaa.

Wanaitwa Shungi na Kibogoyo. Shungi ni mweupe wa kuelekea waridi, macho meusi, na matamvua yake mekundu yamesimama pande zote mbili za kichwa, kwa hiyo jina lilijileta lenyewe. Kibogoyo ana rangi ya porini: kahawia iliyokolea yenye ukijani ndani yake, madoadoa, na mng'ao wa dhahabu kuzunguka mboni. Jina lake si la haki sana, maana meno anayo, madogo mno kwa kutafuna, yanatosha tu kushika. Walipofika, kila mmoja alikuwa na urefu wa kidole changu cha shahada, mkia ukiwemo. Mpwa wangu alikuja kuwaona akavunjika moyo kidogo kwamba hakuna wa bluu. Anawafahamu kutoka mchezo mmoja maarufu wa kompyuta uliowaingiza mwaka 2021, na humo wa bluu yupo. Nikamwambia wapo weupe, wa dhahabu, weusi tii, hata wanaong'aa kijani chini ya taa maalumu kwa sababu maabara iliwapandikizia jeni ya konyeza wa baharini, lakini wa bluu, mjomba wako hana la kufanya.

Kwa ambaye hajakutana naye: huyu ni salamanda wa Mexico, yaani amfibia mwenye mkia na umbo kama la mjusi, ambaye hubaki kiluwiluwi maisha yake yote. Kiluwiluwi wa chura hupoteza mkia na matamvua, akatoka majini. Aksolotli hukua, hupevuka na huzaa akiwa bado na matamvua ya nje na pezi linalopita mgongoni hadi ncha ya mkia. Mapafu anayo pia, utamwona mara mojamoja akipanda juu kumeza hewa na kushuka, na ngozi yake nayo hupitisha oksijeni. Akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 15. Sema namba hiyo kwa sauti kabla hujanunua, hasa kama anayemtaka ni mtoto wa darasa la nne. Na uliza sheria za unakoishi, kwa sababu kuna mahali kama jimbo la California ambako kumfuga hakuruhusiwi kabisa.

Kabla ya kufuga mnyama nilifuga maji. Tangi lilikaa sebuleni wiki nyingi, chujio likinguruma, ndani hamna kitu, na kila mgeni akiuliza samaki wako wapi. Aliyeniuzia tangi alikuwa ameniambia nijaze leo na kuweka wanyama kesho. Nilimshukuru nikaondoka, kwa kuwa nilishasoma vya kutosha kujua kinachotokea ndani ya maji mapya.

Kinachotokea ni hiki. Aksolotli hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kilichobaki kikioza huongeza amonia nyingine. Amonia huunguza ngozi na matamvua. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi kwenye sponji ya chujio, kwenye mchanga, hata kwenye kioo. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo unaweza kuishi nayo mradi uwe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Tatizo ni kwamba bakteria hawa huzaliana taratibu sana. Wiki nne hadi nane ni jambo la kawaida, na maji yakiwa baridi huchukua muda zaidi.

Kwa hiyo unawalisha bakteria peke yao. Nilitumia amonia ya chupa isiyo na manukato wala sabuni, nikaipandisha hadi karibu miligramu 2 kwa lita, kisha nikawa napima. Mwanzoni amonia inakaa palepale na unajiona mjinga. Baadaye inaanza kushuka na nitriti inapaa. Halafu nitriti nayo inashuka, nitrati inapanda. Siku utakayoweka amonia hiyo, na ndani ya saa 24 amonia na nitriti zote zikasoma sifuri, basi tangi liko tayari. Unabadilisha sehemu kubwa ya maji ili nitrati ishuke chini ya miligramu 20 kwa lita, na hapo ndipo unaanza kufikiria wanyama. Nunua vipimo vya matone, si vile vikaratasi. Vikaratasi vingi havipimi amonia hata kidogo, na amonia ndiyo unayotafuta. Kwenye kipimo cha nitrati kuna chupa ambayo maelekezo yanasema uitikise kwa nguvu. Itikise kweli, maana kemikali yake hutuama chini, na usipofanya hivyo kipimo kitakudanganya kwamba mambo ni shwari.

Sasa kituko: baada ya kazi yote hiyo, watoto sikuwatia kwenye tangi. Waliishi kwenye mabeseni ya plastiki, kila mmoja na lake, hadi walipovuka sentimita 12 hivi. Wafugaji wazoefu wengi hufanya hivyo kwa wadogo, na nimeona sababu kwa macho yangu. Ndani ya beseni tupu chakula hakipotei mchangani. Unajua nani amekula na nani hajala. Unaona kinyesi. Na muhimu zaidi, watoto hawa huumana. Aksolotli mdogo akiona kitu chochote kinachotikisika mbele ya mdomo wake, anafyonza kwanza na kuuliza baadaye, na kitu hicho mara nyingi ni mguu wa ndugu yake. Hakuna uovu ndani yake. Haoni vizuri, basi.

Bei ya beseni ni kazi. Hamna chujio, hamna bakteria wa kutosha, kwa hiyo maji yanabadilishwa yote kila siku. Nilikuwa na mabeseni ya akiba. Usiku naandaa maji ya kesho, natia dawa ya kuondoa klorini, nayaacha chumba kilekile ili joto lake lilingane na ya zamani. Asubuhi namhamisha mnyama kwa kikombe kikubwa, nikimchota pamoja na maji yake. Wavu sitaki kuuona, kwani vidole na nyuzi za matamvua hunaswa kwenye matundu. Beseni la jana linaoshwa kwa maji ya moto na kusuguliwa, bila sabuni. Mikono nayo inasuuzwa mpaka haina harufu ya losheni wala sabuni, kwa sababu ngozi ya amfibia hupitisha vitu ambavyo ngozi yetu huvizuia.

Kuhusu klorini, kuna ushauri wa kale wa kuacha maji wazi usiku kucha ili ipae. Klorini ya kawaida hupaa kweli. Lakini baadhi ya mamlaka za maji hutumia kloramini, klorini iliyounganishwa na amonia, nayo haiondoki kwa kusubiri. Dawa ya kuondoa klorini ni jambo la matone machache, kwa hiyo sioni faida ya kubahatisha. Soma tu lebo, uepuke zile zilizoongezwa shubiri na vitu vya "kulinda ngozi ya samaki". Huyu si samaki.

Halafu kuna baridi. Hapa ndipo ningependa kila mtu asimame kabla hajatoa pesa. Aksolotli anataka maji ya nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Kwenye 20 bado yuko salama. Yakipita 22 anaanza kusumbuka, na 24 kwa siku mfululizo ni hatari. Watu hushangaa, kwa sababu Mexico wanaijua kwa jua. Lakini kwao hasa ni maziwa na mifereji ya Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico, karibu mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, ambako maji ni ya baridi mwaka mzima. Maji ya moto yana oksijeni kidogo, na wakati huohuo mwili wa mnyama unahitaji oksijeni zaidi. Juu ya hayo, kuvu na bakteria wabaya wanastawi. Wagonjwa wengi ninaosoma habari zao, ukiuliza joto la maji, unapata jibu la ugonjwa.

Njia ya kwanza ni feni ndogo inayopuliza usoni mwa maji. Uvukizi hupunguza nyuzi kadhaa, na unafidia maji yanayopungua. Njia ya pili ni mashine ya kupoza maji, ambayo inafanya kazi vizuri na inakula umeme na pesa. Njia ya tatu ni chupa za barafu, nami naziweka kwa dharura tu, umeme ukikatika au siku ikiwa ya joto la ajabu, kwa kuwa joto linalopanda na kushuka ghafla linamchosha mnyama kama joto lenyewe. Maoni yangu, na najua kuna watakaokasirika: kama nyumba yako ni ya joto na huwezi kumudu kupoza maji mwaka mzima, angalia picha zake uridhike. Taa ya tangi nayo usiinunue. Mnyama asiye na kope hana pa kujifichia mwanga isipokuwa ndani ya pango, na taa huongeza joto. Wangu wana vipande vya bomba pana na vyungu vilivyolazwa ubavu, na mchana kutwa wamo humo.

Kulisha ndiyo raha yenyewe. Wakiwa wachanga kabisa, wametoka kwenye yai, hula tu kinachotembea: artemia (vikamba vidogo mno vya maji ya chumvi) waliototolewa siku hiyohiyo, kisha dafnia (viroboto-maji). Ndiyo maana nashauri anayeanza asinunue aliye chini ya sentimita 7. Kutotoa artemia kila siku ni kazi ya pili juu ya kazi, na wadogo hao hufa upesi kwa kosa dogo. Wangu walikuwa wamevuka hatua hiyo. Nilianza na minyoo myeusi ya majini, nikaingia kwenye nyungunyungu waliokatwakatwa, na hapo tumebaki. Nyungunyungu ndio chakula kamili kwao. Wana protini, wana madini, na wanajongea.

Namna wanavyokula haizoeleki. Nashika kipande kwa koleo la plastiki, nakitikisa polepole karibu na pua. Kwa muda hakuna kinachotokea. Kisha kichwa kinainama kidogo, kinageuka, na kipande hakipo. Hujaona mdomo ukifunguka. Anaufungua ghafla na maji yanaingia kwa nguvu pamoja na chochote kilicho mbele yake. Ukielewa hivyo, utaelewa pia kwa nini kokoto hazifai. Kokoto inayotosha mdomoni itaingia, na haitatoka upande wa pili. Tangi liwe tupu chini au liwe na mchanga laini sana, na mchanga wenyewe usubiri mpaka mnyama awe mkubwa kiasi kwamba punje alizomeza zinapita bila shida.

Kipande kisizidi upana wa kichwa. Shungi anakula chochote. Kibogoyo ana madaha. Kuna aina ya minyoo myekundu, ile inayofugwa kwenye mboji, ambayo ikiguswa hutoa ute wa njano mchungu. Aliitia mdomoni, akaitema, akakaa akiitazama kana kwamba imemtukana. Ukimtumbukiza mnyoo huyo kwenye maji ya moto kwa sekunde chache kisha ukamsuuza, uchungu unapungua na wengi hukubali. Kibogoyo hakukubali. Anapata nyungunyungu wakubwa wa ardhini, waliotoka kwenye udongo ambao najua haujapuliziwa dawa.

Vidonge laini vinavyozama naviweka kwa siku ambazo minyoo imekosekana. Minyoo myekundu ya kugandishwa, ile ya vipande vya barafu, ni kitafunwa tu, haiwezi kuwa mlo wa kila siku. Samaki wadogo wa kulishia sitoi. Hubeba vimelea, wengine wana miiba, na samaki wa dhahabu wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Baada ya nusu saa, kilichobaki kinanyonywa kwa pipeti kubwa.

Wadogo hula kila siku, mara moja au mbili. Wakifikia sentimita 15 hivi unaruka siku, na mtu mzima anatosheka na mara mbili au tatu kwa wiki. Badala ya kuhesabu minyoo mimi naangalia tumbo kutoka juu: likilingana na upana wa kichwa, tumeelewana. Likizidi, kesho hakuna kitu, hata akija mbele ya kioo na kusimama kwa mikono yake miwili kwenye mchanga.

Shungi alikuja bila unyayo wa nyuma wa kushoto. Ndugu zake walikuwa wameula kabla hajafika kwangu. Muuzaji alisema utaota, nami nilijua kwamba huota, lakini kujua na kutazama ni vitu viwili. Kwanza jeraha lilijifunga, laini, kama hapakuwahi kuwa na kitu. Kisha kikatokea kijivimbe butu, cha rangi hafifu kuliko mguu. Kijivimbe kikarefuka, kikapangika bapa, na ukingoni mwa ule ubapa pakaanza kuonekana vidole. Havikuja vyote kwa pamoja. Viwili vya upande wa ndani vilitangulia, vingine vikafuata kimojakimoja mpaka vikatimia vitano, maana nyuma wana vitano na mbele vinne. Leo ukiniuliza mguu upi ulikuwa umekatika, lazima nifikirie. Mifupa, misuli, neva, vyote vimerudi mahali pake bila kovu.

Wanasayansi wamewaweka kwenye maabara zaidi ya karne moja na nusu, kwa sehemu kubwa kwa ajili hiyo. Mwaka 1864 kundi dogo lilifikishwa Paris kutoka Mexico, na mtaalamu wa wanyama, Auguste Duméril, akapewa baadhi yao. Walizaana vizuri. Baadaye, kwa mshangao wake, baadhi ya watoto wakapoteza matamvua, wakawa salamanda wa nchi kavu. Leo inajulikana kwamba homoni ya thairoidi ndiyo inayosukuma mabadiliko hayo, na kwa aksolotli wa kawaida haifikii kiwango cha kuyaanzisha. Usijaribu kuyachochea nyumbani. Mnyama aliyebadilishwa huishi kwa taabu, na mara nyingi si kwa muda mrefu. Jenomu yao, yaani jumla ya maandishi ya urithi wao, iliposomwa mwaka 2018, ilionekana ni kubwa karibu mara kumi ya ya binadamu. Na kule kwao wenyewe hali ni mbaya. Watafiti walihesabu karibu 6,000 kwa kilomita moja ya mraba Xochimilco mwaka 1998. Waliporudia katika miaka ya 2010 hawakufika hata 40. Uchafuzi wa maji, upanuzi wa jiji, na samaki wa kigeni kama sato na kapu wanaokula mayai na watoto wao. Mexico imempa nafasi kwenye noti ya peso 50, ya tangu mwaka 2021, na pale kwenye noti anaonekana mnene na mwenye afya. Wa kwangu wote ni wa kuzaliwa kizuizini, kwa vizazi visivyohesabika. Kuwafuga hakumsaidii wa porini, na sipendi wauzaji wanaodai vinginevyo.

Nirudi kwenye kusoma. Jambo la kwanza ninaloangalia asubuhi ni matamvua yamelala upande gani. Yakitulia nyuma au pembeni, sawa. Yakijikunja kuelekea mbele, mnyama anasumbuliwa, mara nyingi na mkondo wa maji. Kwao hakuna mto, ni ziwa na mifereji iliyotulia, kwa hiyo chujio linalosukuma kwa nguvu linawachosha usiku na mchana. Nimeweka chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, viputo vichache tu. Jambo la pili ni ncha ya mkia: ikijikunja kama ndoano, kuna kitu hakijakaa sawa. Rangi ya matamvua peke yake isikutishe, maana hupauka akipumzika na kuiva akitembea. Lakini nyuzi zake zikianza kupungua siku hadi siku, chukua vipimo vyako, na uangalie kipimajoto.

Kuelea kumewatisha wengi wanaoanza. Mtoto aliyemeza hewa ataelea kidogo, kisha ataachia kiputo na kushuka. Anayeelea matako juu, anapiga makasia kushuka na hawezi, huyo ni mwingine, huenda amevimbiwa au tumbo lina gesi. Huyo unamshushia maji mpaka miguu iguse chini, humlishi kwa muda, na unampigia daktari. Nyuzinyuzi nyeupe kwenye matamvua ni kuvu. Ngozi inayochujuka vipandevipande ni dalili ya kuungua kwa amonia. Kugoma kula siku moja si kitu kwa mkubwa, kwa mdogo nikiona siku mbili natafuta sababu.

Dawa ya kwanza kwa karibu yote hayo ni ileile: beseni safi, maji mapya yaliyopoa, yabadilishwe yote kila siku. Nimeona Kibogoyo akipona kuvu chache kwa hilo tu. Watu husifia chumvi na chai nyeusi, na wanaojua vipimo hufanikiwa, ila dozi ya samaki usimpe amfibia kwa kukisia, na dawa yoyote yenye shaba iache dukani. Madaktari wengi wa wanyama hawajawahi kumshika aksolotli. Mtafute mmoja anayejua amfibia wakati wanyama wako wazima. Usiku wa dharura si wakati wa kuanza kupiga simu.

Sasa wako kwenye tangi kubwa. Kwa mtu mzima mmoja lita 75 ndiyo mwanzo, na mimi nasema anza na 110 kama una nafasi. Urefu na upana wa chini ndivyo vinavyohesabika, kina hakina maana sana kwa mnyama anayetembea sakafuni. Langu ni la zaidi ya hapo, limegawanywa katikati kwa kizuizi chenye matundu, kila mmoja upande wake. Kila wiki natoa sehemu ya tano hadi robo ya maji, nanyonya kinyesi, nasuuza sponji ndani ya ndoo ya maji hayohayo yaliyotolewa. Ukiisuuza kwenye bomba, klorini inaua bakteria uliowasubiri miezi.

Watu huniuliza kama hawasikii upweke. Hawana upweke. Si wanyama wa kundi, na aksolotli anayekaa juu ya mwenzake hajamkumbatia, hajui tu kwamba pale pana mwenzake. Ningeweza kuondoa kizuizi sasa, wamelingana urefu na hatari ya kung'atana imepungua. Kinachonizuia ni jinsia. Haijulikani mpaka wafike sentimita 18 au 20, dume anapovimba nyuma ya miguu ya nyuma. Kibogoyo amevimba waziwazi. Shungi hana uvimbe, ni mnene wa ubavu, na kila ninayemwonyesha picha anasema jike. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai kwa mara moja, huweza kufika elfu, na kutaga mfululizo kunamdhoofisha. Wanaojikuta na mayai wasiyoweza kuyalea huyagandisha kwenye friza mapema, siku za mwanzo, kabla viinitete havijaanza kuwa na umbo, na hiyo ndiyo njia ya busara kuliko kugawa viluwiluwi mia tatu kwa watu wasio na tangi. Mimi sitaki kufika huko. Kizuizi kinabaki, na mpwa wangu ameshaambiwa asiahidi watoto wa aksolotli shuleni.